Tovuti Moja Iliyokamilika

Kama uko barabarani, nakutakia safari njema. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo unisikilize, maana leo nazungumza na vijana, na pia na wazazi wanaowaona vijana hao wakikesha mbele ya kompyuta na kujiuliza: hivi huyu mtoto anafanya nini usiku kucha?

Swali la leo ni hili. Nifanye nini ili niweze kutengeneza tovuti na kulipwa, bila kungoja kuajiriwa na mtu? Nijifunze nini, na nianzie wapi?

Jibu langu nalitoa mapema, ili hata ukiitwa nje uondoke nalo. Jifunze kumaliza. Tengeneza tovuti moja ndogo ya mtu halisi, uimalize, ifunguke kwenye simu yake na kwenye simu za wateja wake. Nitalirudia hili mara kadhaa jioni ya leo, mnisamehe.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu vijana wenye vyeti vya kozi za mtandaoni siku hizi ni wengi. Mwambie mmoja wao, "Mdogo wangu, nipe anwani ya tovuti uliyotengeneza niifungue sasa hivi hapa kwenye simu yangu." Atajikuna kichwa. "Ipo kwenye kompyuta, kaka, bado sijaimalizia." Ana nyingine tatu zilizofika nusu. Na mteja, msikilizaji, hanunui nusu.

Haya, tuanze na ufundi wenyewe, na hapa nitapita haraka kidogo kwa sababu mafunzo yapo mengi. Ukurasa wa tovuti unasimama juu ya lugha tatu. Ya kwanza ni HTML, ambayo hubeba yaliyomo: kichwa cha habari, aya, picha, kiungo. Ya pili ni CSS, yenye kazi ya mwonekano: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya kitu na kitu. Ya tatu ni JavaScript, inayofanya ukurasa uitikie: unabonyeza, menyu inafunguka; unajaza fomu vibaya, inakukumbusha. Hizo tatu ndizo msingi.

Sasa kuna haraka moja siipendi. Kijana amejifunza HTML wiki mbili, anasikia wenzake wanaitaja React, ile zana ya JavaScript iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, naye anarukia huko. Akikwama hajui amekwama wapi, kwenye React au kwenye JavaScript ambayo hakuijua tangu mwanzo. Na msingi ndio unaodumu: Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti kule CERN, Uswisi, ukurasa wa kwanza kabisa aliuandika kwa HTML, na nakala yake ukiifungua leo kwenye simu yako inasomeka bila shida. Zaidi ya miaka thelathini! JavaScript nayo ni ya mwaka 1995. Zana zinazopandishwa juu ya hizi huja na kuondoka, nyingine hazifikishi hata miaka mitano. Utajifunza React ukifika wakati wake, tena utajifunza kwa wepesi.

"Lakini mtangazaji, bando langu ni dogo." Nakuelewa. Basi sikiliza vizuri hapa, maana hili halisemwi mara nyingi: kuandika HTML, CSS na JavaScript hakuhitaji intaneti. Unaandika faili kwenye kompyuta yako, unalihifadhi, unalifungua kwa kivinjari kile kile unachotumia kila siku, na ukurasa unatokea. Huhitaji bando wala seva. Umeme ukiwepo na betri ikiwa na uhai, unafanya kazi. Bando lako litumie kusoma, na kusoma maandishi kunakula kidogo sana kuliko kutazama video. MDN, maktaba ya mafunzo inayosimamiwa na Mozilla, ni maandishi. The Odin Project ni maandishi kwa sehemu kubwa. freeCodeCamp, iliyoanza mwaka 2014, inakufundisha kwa mazoezi unayoyaandika mwenyewe papo hapo. Zote tatu ni bure. Kiingereza chake kitakusumbua mwanzoni, kisha utagundua ni maneno yale yale yanajirudia.

Na kompyuta? Iliyotumika inatosha. Kazi hii haitaki mashine ya gharama. Wapo wanaoanza kwa simu ya Android, kwa programu kama Acode, na kwa mazoezi ya mwanzo inawezekana. Kwa kazi ya mteja, tafuta kompyuta, hata ya kushirikiana na mwenzako.

Sasa tuingie kwenye kazi. Tuchukue mfano. Kuna mama mmoja ana nyumba ya wageni Pangani, mkoani Tanga, vyumba sita, karibu na mto. Wageni wengi humpata kupitia tovuti kubwa za kuuza vyumba, nazo zinamkata kamisheni kila anapolala mtu. Mama anakuambia, "Mwanangu, mimi nataka watu wanipigie wenyewe. Nitengenezee hiyo tovuti."

Kijana mwenye kozi kichwani atafanya nini? Atawaza mfumo mkubwa: kalenda ya vyumba, kusajili wageni, kulipa kwa kadi, kurasa kumi na mbili. Msikilizaji, mama ana vyumba sita na daftari. Daftari lake halijawahi kukosea. Anachotaka ni simu iite.

Kwa hiyo ujuzi wa kwanza hapa ni kuuliza. Mama, wageni wako wanatoka wapi? Mtu akipiga simu mara ya kwanza, anauliza nini? Atakuambia: wanauliza kama kuna kiyoyozi, kama chai ya asubuhi imo kwenye bei, na wanafikaje kutoka Tanga mjini. Basi umeshaupata ukurasa wako! Majibu ya maswali hayo matatu, picha za vyumba, bei, ramani, na namba ya simu juu kabisa. Swali jingine usilisahau: msimu ukibadilika, nani atabadilisha bei? Akisema ni mjukuu wake aliyeko kidato cha nne, hapo fikiria WordPress, mfumo uliozaliwa mwaka 2003 ambao leo unaendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani, kwa sababu mjukuu ataingia na kubadilisha bei bila kugusa msimbo. Akisema bei ni ile ile mwaka mzima, ukurasa wa HTML tupu unatosha, utakuwa mwepesi, na hautahitaji masasisho ya kila mwezi.

Wapo mafundi wanaoidharau WordPress, wanasema si kazi ya kweli. Waache. Anayelipa ni mama.

Sasa nenda naye kwenye simu, kwa sababu wageni wake watafungua kwa simu. Hapa nataka tusogee karibu kabisa, tuangalie vitu vitatu vidogo.

Cha kwanza, picha. Simu za siku hizi hupiga picha moja ya megabaiti nne, tano. Ukiziweka picha sita za vyumba kama zilivyotoka kwenye simu, umempa mgeni mzigo wa karibu megabaiti thelathini. Yuko ndani ya basi, limesimama Segera, mtandao unakuja na kupotea. Atangoja? Hangoji. Zipunguze upana, zibane, kila moja ibaki kilobaiti mia mbili hivi, au chini ya hapo. Kwa macho ya mgeni ni chumba kile kile.

Cha pili, kuna mstari mmoja unaokaa kwenye kichwa cha HTML, unaitwa viewport. Ukiusahau, simu itauchora ukurasa wako kana kwamba kioo chake ni kipana kama cha kompyuta, na mgeni ataanza kuvuta kwa vidole viwili ili asome bei. Mstari mmoja tu. Kwenye kompyuta yako hutaona tofauti yoyote, na ndiyo maana nasema jaribu kazi yako kwenye simu, tena simu ya bei ndogo.

Cha tatu, kitufe cha WhatsApp. Kiungo chake kinaanza na wa.me, mkwaju, halafu namba. Namba hiyo inaanza na 255 kwa Tanzania, au 254 kwa wenzetu wa Kenya, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo tuliyozoea. Ukiibakiza hiyo sifuri, kitufe kitaonekana kizuri, kijani, mgeni atakibonyeza, na WhatsApp itamwambia namba hiyo haipo. Ataenda kwa jirani wa mama. Mama hatajua kamwe kwamba mgeni alikuja mlangoni akarudi.

Unaona sasa ninapokazia kumaliza, namaanisha nini? Hivyo vitu vitatu, kozi nyingi hazikufikishi huko. Unavikuta mwishoni mwa kazi, pale unapodhani umeshamaliza.

Na mkifanya fomu ya kujaza, usimwombe mgeni namba ya pasipoti wala tarehe ya kuzaliwa kama mama hazihitaji. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Taarifa usiyoikusanya haiwezi kuvuja kutoka mikononi mwako. Tupite.

Msikilizaji, nije kwenye jambo linaloniudhi katika kazi hii, na nitakaa hapo kidogo. Jina la kikoa. Ile anwani ya tovuti, tuseme inayoishia na .co.tz, husajiliwa kwa jina la mtu, na hulipiwa kila mwaka. Mafundi wengi wanaisajili kwa jina lao wenyewe, kwa baruapepe yao, kwa sababu ni rahisi, mama hana baruapepe. Mwaka unapita. Fundi amehamia Mwanza, amebadilisha namba. Ujumbe wa kukumbusha malipo unaingia kwenye baruapepe asiyoifungua tena. Siku moja mama anapigiwa na mgeni: "Mbona tovuti yenu haipo?" Mama anampigia fundi. Namba haipatikani. Kadi zimeshachapwa zenye anwani hiyo, bango la barabarani lina anwani hiyo.

Wengine hufanya hivyo kwa makusudi, wamshike mteja asihame. Mimi naliita hilo kwa jina lake, ni utapeli. Kwa hiyo, mdogo wangu: kaa na mama, mfungulie baruapepe yake, sajili jina la kikoa kwa jina lake, kwa simu yake. Nenosiri la kila kitu mwandikie kwenye karatasi, aliweke panapokaa hati zake. Mwandikie pia tarehe ya kulipia kila mwaka na mahali pa kulipia. Ukishampa karatasi ile, ndipo umemkabidhi kazi. Akikupigia mwakani, atakupigia kwa sababu anakuamini.

Tuje kwenye pesa. Bei sitakutajia, inategemea mji, mteja na kazi. Lakini sote tunamjua fundi cherehani wa "njoo Ijumaa", na Ijumaa ukienda kitambaa bado hakijakatwa. Na yeye ana yake ya kusema: wateja waliomwachia nguo zilizoshonwa, hawakurudi kuzilipia. Kazi yako ina maradhi hayo hayo mawili, ya fundi na ya mteja, na dawa yake ni kuandikiana.

Uandike nini? Ukurasa mmoja tu. Tovuti itakuwa na kurasa ngapi. Nani ataleta picha na maneno. Marekebisho yatafanyika mara ngapi baada ya mteja kuona kazi. Kazi itaisha lini. Malipo ni nusu kabla ya kuanza na nusu siku ya kukabidhi, na pesa ya jina la kikoa na ya nafasi kwenye seva itoke kwa mteja mapema, isitoke mfukoni mwako. Huna haja ya mwanasheria kwa kazi ya ukubwa huu. Mtumie kwenye WhatsApp, ajibu "nimekubali", ahifadhi, nawe uhifadhi.

Halafu jiandae na ile sauti tamu: "Mwanangu, naomba uniongezee kidogo tu." Kidogo leo, kidogo kesho, na mwezi unaisha. Usikasirike, na usikatae. Jibu lako liwe, "Sawa mama, hilo linawezekana. Halikuwemo kwenye makubaliano yetu, bei yake ni hii, nitalianza tukishakabidhiana hili la kwanza." Lisemee mbele ya kioo nyumbani mpaka lizoeleke mdomoni. Sifanyi mzaha! Ni ujuzi kama CSS ilivyo ujuzi, na wengi wanaoacha kazi hii wanaachia hapa.

Na lipo jingine ambalo hakuna kozi inayokuambia. Kazi nyingi hukwama kwa maneno. Umemaliza ukurasa, unangoja mteja alete maelezo ya biashara yake, anasema "nitakutumia kesho", na kesho haiji. Jifunze kuyaandika wewe. Muulize, msikilize akieleza kwa mdomo, mrekodi kwa simu akiruhusu, kisha andika aya tatu za Kiswahili safi, na za Kiingereza kama wageni wake wanatoka nje. Piga picha za vyumba mwenyewe, asubuhi, madirisha yakiwa wazi, taulo limekunjwa. Mtengeneza tovuti anayejua kuandika na kupiga picha ya kueleweka anamaliza kazi wakati mwenzake bado anasubiri.

Sasa, wapo wanaosema: mimi nataka wateja wa nje, wa dola. Sawa. Upwork ipo, Fiverr ipo. Ujue kwamba Fiverr hukata ishirini katika kila mia unayolipwa, na kwamba Upwork huombi kazi bure, unatumia tokeni unazozinunua. Ujue pia njia ya kupokea pesa kabla hujapata kazi. Wakenya wanaweza kuhamisha fedha kutoka PayPal hadi M-Pesa tangu mwaka 2018, wakati Watanzania kwa miaka mingi PayPal imekuwa kwao ya kulipia zaidi kuliko ya kupokelea, hivyo wengi hutumia Payoneer au benki. Ulizia benki yako kwanza. Na tafadhali, usinunue wala kukodi akaunti ya mtu mwingine kwenye majukwaa hayo. Ni kinyume cha masharti yao, akaunti hufungwa, na pesa zilizomo unaziangalia tu.

Mteja wa nje pia hakuoni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ilitetereka Tanzania na nchi jirani. Anayekungoja Toronto hajui habari za nyaya zetu, anajua tu kwamba umenyamaza. Anayejua kazi hii hutafuta mtandao wa kampuni nyingine, hata kwa kuazima simu, anatuma ujumbe mmoja mfupi: hali ni hii, kazi itachelewa hadi siku fulani. Basi.

Ushauri wangu lakini ni kuanza na walio karibu. Kwa nini? Kwa sababu majukwaa yale yanakuuliza umeshafanya nini. Tovuti ya mama wa Pangani, inayofunguka, yenye namba inayoita, ndiyo jibu. Nimerudi pale pale, mnaona.

Kuna msikilizaji ameuliza, na hili linaulizwa sana: akili mnemba si inatengeneza tovuti kwa dakika moja, nijifunze ya nini? Ni kweli, tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa mwaka 2022, ukurasa wa kuanzia unaupata upesi mno. Itumie, mimi sina ugomvi nayo. Lakini inaweza kukuandikia kiungo cha WhatsApp chenye namba ya kubuni, na ikakuambia imemaliza. Asiyejua kusoma HTML ataipeleka hivyo hivyo kwa mama. Na itakapoharibika Jumamosi usiku nyumba imejaa wageni, mama atampigia nani?

Itachukua muda gani? Ukijifunza kila siku, hata saa moja na nusu baada ya kazi nyingine, hesabu miezi, usihesabu wiki. Wakati unajifunza, tafuta mtu mmoja sasa hivi: saluni ya mtaani, shule ya chekechea, fundi wa samani, kwaya ya kanisa, madrasa. Mwambie wazi kwamba unajifunza, mkubaliane bei ndogo. Nasema bei ndogo, sisemi bure, maana kazi ya bure mteja haleti picha wala hapokei simu. Ukiimaliza, iweke hewani. GitHub wanakupa mahali pa kuweka kurasa za namna hii bila malipo, kwa hiyo hata mazoezi yako yasibaki kwenye kompyuta.

Fundi mitambo ananionyesha saa, naona taarifa ya habari imekaribia. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumzia namba ya mlipakodi na risiti kwa mtu anayejiajiri, maana wapo walioniuliza kama kazi ya mtandaoni nayo mamlaka ya mapato, TRA, inaihusu. Inaihusu. Tuletee maswali yako mapema.